Jina Lako Katika Daftari la Wagonjwa

Mwalimu,

Nimefanya kosa, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu. Jumapili iliyopita nilisababisha uombewe upone. Kanisa zima, Mwalimu. Watu walewale waliosimama kando ya kaburi lako wiki sita zilizopita waliambiwa wamwombee ndugu yetu Severini Komba, Bwana amwinue kitandani na kumrudishia nguvu.

Ngoja nieleze kwa mpangilio, maana hukupenda mtu anayeanzia katikati.

Nilikwenda kwenye Misa yenu ya Kiswahili, ile ya mara moja kwa mwezi. Mimi Rhoda, niliyelelewa kwa Waprotestanti nikijua kwamba mishumaa kanisani ni ya siku umeme ukipotea. Ulishaniambia kwamba mwezi wa Novemba mnaandika majina ya marehemu wenu kwenye daftari. Mlangoni nikakuta daftari mezani, kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaandika jina lako kwa mwandiko wangu mzuri, sikuuliza mtu. Kumbe hilo lilikuwa daftari la wagonjwa. La marehemu lilikuwa mbele, karibu na altare. Na dada aliyesoma maombi ni mgeni, hakuwahi kukujua, akasoma kilichoandikwa.

Watu waligeuka kutazamana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini aibu haikuwa kitu, Mwalimu. Kitu ni kwamba niliposikia jina lako na neno "apone", niliitikia na wengine kwa sauti, kwa moyo wote. Kwa muda mfupi nilisahau kwamba umekufa. Nilidhani tunaweza bado kuwahi. Halafu nikakumbuka, na ikawa kama ile Jumanne waliponipigia simu kutoka hospitali, upya kabisa.

Chumba chako, kilicho juu ya changu hapa Langley Park, kimepata watu. Ni familia kutoka Guatemala, ina watoto watatu, wanadunda mpira pale kiti chako kilipokuwa kikikwaruza sakafu. Profesa wako alikuja na maboksi, akachukua vitabu vyote. Alikuwa mpole, akaniuliza kama kuna kitu ningependa kubaki nacho. Nikachukua kile kikombe chako kisicho na mkono. Sijakinywea. Naogopa kukiosha.

Jumamosi ndizo zinaniua. Saa nane mchana nakaa mezani bila kufikiri, nafungua kompyuta, halafu nakumbuka hakuna mtu wa kuniambia, "Dada Rhoda, tulifika wapi?" Duka la watu wa El Salvador bado linauza mihogo, na wiki iliyopita nilinunua ya watu wawili. Nilikula ya mmoja, nikatupa ya mwingine, nikajichukia.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umefundisha seminari huko Songea miaka ishirini, ukaja Washington kutafuta udaktari wa fasihi, kisukari kikakunyang'anya macho kabla hujamaliza. Mimi nilikuwa sekretari Machakos kabla sijaja huku kuwaogesha wazee wa watu. Ulinisikia nikijisifu kwenye ngazi kwamba nachapa bila kutazama vidole. Wiki hiyohiyo ukagonga mlango, unataka mtu wa kukuchapia tasnifu ukiisema kwa mdomo. Ulisema Kiswahili changu kinahitaji dawa lakini vidole vyangu ni vizima.

Nilichapa sura nne nikiwa nimenuna. Ulikuwa unasema kwamba Waingereza walipokatazwa kuwaombea wafu wao, wakati wa yale Matengenezo ya Kanisa, hawakunyamaza. Kilichokatazwa kanisani kikahamia kwenye mashairi ya maombolezo, kwenye tamthilia ambamo mzimu unarudi kumwomba aliye hai kitu, kwenye barua ambazo hakuna posta ingezipeleka. Wanateolojia walisema hakuna wa kusaidiwa huko, na washairi wakaendelea kuwaita wafu kwa majina yao. Halafu baada ya miaka mia tatu baadhi ya wachungaji wao wakahamia Ukatoliki, nao katika maandishi yao wakaanza kuisema toharani, pale roho zinapotakaswa baada ya kifo, kwa namna nyingine: si gereza la moto, ni mahali pa kuogeshwa hadi uweze kuvumilia kupendwa. Hapo ndipo nilipoacha kuchapa. Nikakuambia, mimi naogesha watu kwenye nyumba ya wazee kule Wheaton siku tano kwa wiki, na hakuna hata mmoja anayefurahia. Wanapiga kelele, wananitukana. Ukasema, "Hilo liandike. Tanbihi. Na jina lako."

Liko, Mwalimu. Sura ya nne, chini ya ukurasa. Sijawahi kukuambia jinsi nilivyolitazama jina hilo.

Lakini tuligombana, ee tuligombana. Mimi naleta aya, wewe unaleta shairi. "Mwalimu, usini-stress," nakuambia, "hiyo toharani yenu mlitunga wenyewe." Unacheka mpaka unakohoa. Siku moja hukucheka. Uliniuliza taratibu, "Dada, kwani kuna mtu unamwogopea?" Nikasema chai inapoa. Hukurudia swali.

Na sasa lile linalonila. Hospitali, siku ile ya mwisho nilipokuja na uji, ulinishika mkono ukasema, "Nikienda, usinililie tu. Niombee." Ningesema sawa. Ni neno dogo, sawa, lingenigharimu nini? Nikasema, "Mwalimu, wacha hizo. Kwetu mtu akishakufa, kesi imefungwa." Nilidhani natania. Ukasema, "Haya," ukageuza uso dirishani, nami nikakimbilia basi la Wheaton nisichelewe kazini. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako. Nisamehe. Nisamehe, Mwalimu, sikujua kwamba ni la mwisho.

Acha nikujibu lile swali lako. Ndiyo, kulikuwa na mtu. Baba yangu, Mutiso. Alikufa nikiwa na miaka kumi na saba, kando ya barabara, akitoka kilabuni. Kila jioni, hata akiwa amelewa chakari, alinibebea kipande cha mkate kwenye mfuko wa koti, kinanuka tumbaku, nami nilikila chote. Mchungaji alisema mbele ya jeneza kwamba huyu tusijidanganye tutamkuta mbinguni. Mama akainamisha kichwa. Tangu siku ile sijalitaja jina la baba mbele za Mungu hata mara moja. Sasa wewe unakuja na sura zako, unaniambia kwamba ningeweza. Kama wewe ulikuwa sahihi, basi nilimwacha baba yangu peke yake miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana nilikuwa mkali. Sikuwa nakukataa wewe.

Misa ilipokwisha nilibaki nimekaa, nalia kama mtoto, sina leso. Mama Restituta, yule bibi wa Bukoba aliyekuwa akikuletea senene, wale panzi wa kwao wa kukaanga, akaja akakaa karibu nami. Nikamwambia nimeharibu, nimemwandika Mwalimu kwenye wagonjwa. Akanipangusa uso na kitenge chake. "Hukuharibu, mwanangu," akasema. "Aliye toharani naye si yuko kwenye matibabu? Na atatoka mzima." Akaniambia kama anavyoniambia bei ya ndizi. Hajasoma hata sura moja ya tasnifu yako.

Akanishika mkono akanipeleka mbele kwenye daftari lenyewe. Nikaandika Severini Komba. Nikataka kuweka kalamu chini, mkono ukakataa. Nikaandika chini yake: Mutiso, baba yangu. Mama Restituta hakuuliza. Akasali ile sala yenu fupi ya raha ya milele, nami nikamfuata neno kwa neno, nikikosea. Halafu nikaisali tena peke yangu.

Sura ya tano imekatika katikati ya sentensi, pale uliposema tutaendelea Jumamosi. Sina elimu ya kuimalizia. Nimemtumia profesa wako jinsi ilivyo, sijagusa hata koma. Ila leo, nikiandika barua hii ambayo hakuna posta itaipeleka, nimejiona nilivyokaa, nikacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Umenipata, Mwalimu. Nimeingia ndani ya tasnifu yako kwa miguu yangu mwenyewe.

Nakuahidi kila Novemba nitakuja, na nitatazama vizuri ni daftari lipi. Jumamosi saa nane nitakutaja, hata kama nina zamu. Vumilia kuogeshwa, usiwatukane wahudumu.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Na huko, ukikutana na mzee mrefu mwenye koti, mkate mfukoni, mwambie ni Rhoda aliyekutuma. Mwambie kesi haijafungwa.

Sekretari wako,
Rhoda