Uso Uliofutwa Kwenye Shaba

London, 4 Machi 1822

Mwanangu Honor,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake. Natumaini kile kikohozi chako kimekwisha na Edmund hajambo. Mimi ni mzima wa kutosha. Goti linanisumbua mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua hainyeshi, imehamia kabisa na vyombo vyake.

Sasa keti, nina habari. Nimechorwa!

Unamjua Bwana Stackpole, yule anayetoa tamthilia kwa vijitabu, mwezi huu hii, mwezi ujao ile, na picha moja ya mchezaji ukurasa wa mbele. Basi mwezi wa Mei anatoa *Mjane Kambini*, na nani Mjane kama si mimi? Alimtuma mchoraji nyuma ya jukwaa, nikiwa nimevaa sare yangu ya kiaskari, suruali imebana, upanga mkononi. "Bibi Pell, simama hivyo hivyo," akasema. Nikasimama mpaka mguu ukafa ganzi. Halafu mchonga picha, Bwana Peverill, akanihamishia kwenye bamba la shaba la kuchapia. Nimekwenda kuliona. Honor, ni mimi mtupu! Macho ni yangu. Kidevu ni kile chetu, changu na chako.

Unajua kazi yetu ilivyo. Seremala akitengeneza kiti, kiti kinabaki. Sisi tukimaliza kusema, mishumaa inazimwa, watu wanakwenda kula, basi. Miaka yote hii nimelia na kucheka mbele ya watu, na mtu akiniuliza nilifanya nini duniani, sina cha kumwonyesha. Sasa ninacho. Kitauzwa mpaka Scotland.

Nitakuletea nakala kwa mkono wa Bi Crane, mshona kofia wa huko kwenu, njia ile ile ya barua zetu. Atakufichia ndani ya kofia, mama mkwe wako asione.

Mama yako,
mwenye upanga


Ludlow, 11 Machi 1822

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, ahsante. Edmund hajambo, na mama mkwe hajambo ila masikio yanazidi kuwa mazito.

Usilete nakala. Haihitajiki, kwa sababu itakuja yenyewe. Mama mkwe ananunua vijitabu vyote vya Bwana Stackpole. Vinafika na gari la abiria kutoka London, na vikitosha anavipeleka kujalidiwa kwa ngozi. Anasema tamthilia ikiwa kitabuni ni elimu, ikiwa jukwaani ni balaa. Baada ya chakula cha jioni tunasoma kwa zamu, na picha inapitishwa mkono kwa mkono. Anaikaribisha kwenye taa, anaitazama weeee, kisha anaanza, "Huyu anafanana na fulani, yule anafanana na fulani." Ndiyo starehe yake.

Mama, kile kidevu. Edmund ataishika picha hiyo na kunitazama mimi niliyekaa mbele yake.

Tulikubaliana. Wewe mwenyewe ulisema, "Waambie nimekufa, upate nyumba." Wanajua mimi ni yatima wa Luteni Wray, basi. Na sasa Edmund anangoja Lodi, bwana mkubwa mwenye ardhi ya huku, ampe parokia. Atampa kasisi ambaye mama mzazi wa mkewe anauzwa madukani na mapaja nje?

Mwambie Bwana Stackpole aiondoe. Na jambo jingine nilitaka kukuambia kwa furaha, lakini nitakuambia hivi hivi: nina mimba.

Mwanao,
Honor


London, 20 Machi 1822

Honor,

Marahaba. Kwa hiyo mimba, Mungu ailinde. Ningeruka, kama si hayo mengine uliyoniandikia.

Nilikubali kufa Ludlow. Sikukubali kufa London. Nilikaa mbali siku ya harusi yako. Nikakaa chumbani na kipande cha keki nilichojinunulia mwenyewe, nikajipongeza mwenyewe. Naandika kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Yote hayo nimeyameza kwa sababu wewe ni wangu. Lakini hii picha ni yangu.

Na mapaja unayoyaonea haya, mwanangu, ndiyo yaliyokupeleka shule kule Bath. Ndiyo yaliyokufundisha kushika kikombe kwa vidole viwili. Luteni Wray hakuacha kitu ila koti.

Siendi kwa Stackpole. Ukiona picha, sema, "Kweli, anafanana nami kidogo," uendelee kushona.

Mama yako,
marehemu


Ludlow, 2 Aprili 1822

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa kitandani. Nilitokwa na damu Jumapili. Daktari anasema nisiinuke, nisipate mashaka yoyote ya moyo. Edmund anafikiri ni mimba tu. Anakaa pembeni yangu ananisomea Zaburi, nami kila nikisikia gari likiingia mjini nadhani limeleta kijitabu.

Nilikujibu vibaya, nisamehe. Sina mtu mwingine wa kumwomba. Usinifanyie mimi, mfanyie huyu aliye tumboni.

Mwanao,
Honor


London, 19 Aprili 1822

Mwanangu,

U hali gani? Damu imekata? Lala, usiinuke hata kuchukua uzi.

Nimekwenda. Stackpole kwanza alidhani namtania. "Bibi Pell," akasema, "wenzako wananililia niwaweke, wewe unanililia nikutoe? Umelewa?" Nikamwambia sijalewa. Akaniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia wala. Akasema bamba limekwisha kulipiwa na hawezi kulitupa.

Halafu akapiga kidole mezani. Yuko Susanna Foy, binti mmoja mpya, ana miaka ishirini, anacheza vijakazi kwenye jukwaa letu na vijana wa mjini wanamsifu. Stackpole akasema, "Mwili tuubakize. Kichwa tubadilishe."

Nikaenda naye karakanani. Peverill ni mzee mpole. Akaniuliza, "Una hakika, Bibi?" Nikasema nina hakika. Akalilaza bamba kifudifudi, akaligonga kwa nyuma pale penye uso mpaka shaba ikainuka, kisha akaligeuza akaanza kukwangua na kusugua. Macho yalitangulia, na kidevu kikafuata. Pakabaki sare, upanga, na mahali peupe panapong'aa juu ya kola. Aliniuliza kama nataka karatasi moja aliyokuwa ameichapa kabla hajafuta. Nikasema hapana, nisije nikashawishika.

Basi wasome kwa amani huko kwenu. Mikono utakayoiona ni yangu. Usimwonyeshe mtu kwamba unaijua.

Mama yako


Ludlow, 15 Juni 1822

Mama mpenzi sana,

Shikamoo, shikamoo tena. Mimi ni mzima na mtoto anacheza tumboni. Kijitabu kimefika! Mama mkwe alikitazama, akasema Bi Foy ni mzuri kama waridi, na Edmund akasema wa kawaida tu, nami nikacheka kweli kweli kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi.

Na Lodi amempa Edmund parokia. Nyumba ina bustani na kisima chake chenyewe. Sijui nikushukuru vipi. Mungu atakulipa, Mama.

Wewe u hali gani? Hujaandika tangu Aprili. Naamini ni kazi nyingi.

Mwanao mwenye furaha,
Honor


Shrewsbury, 9 Juni 1823

Mwanangu Honor,

Salamu kwako, kwa mumeo, na kwa huyo mtoto ambaye habari zake nimezipata kwa Bi Crane, si kwako. Nasikia ni msichana. Mimi ni mzima, goti ndilo halijambo kwa kusema tu.

Umeona barua inatoka wapi. London nimeondoka. Kijitabu kilipotoka, watu walianza kuja nacho ukumbini. Wanafungua, wanatazama picha, wananitazama mimi, wananong'ona. Wiki ya pili wakapiga kelele, "Foy! Foy!" Meneja akaniita. "Dorcas," akasema, "watu wanamtaka yule wa kwenye picha, nifanyeje?" Susanna akapewa Mjane. Msimu ulipokwisha sikuitwa tena. Msichana mwenyewe alilia akanikumbatia, hana kosa, mimi ndiye niliyempa.

Sasa niko na kundi la Bwana Gathercole, tunazunguka na gari la mizigo. Leo ghala, kesho uani kwa muuza pombe. Huku hakuna mwingine anayeujua Mjane, kwa hiyo nimerudishiwa.

Mwezi ujao, wiki ya mbio za farasi, tunafika Ludlow. Usishtuke. Sitabisha hodi kwako. Nataka kitu kimoja: siku ya soko, pita na mtoto. Nitakuwa nimesimama kama mnunuzi yeyote. Sitasema neno. Nimtazame tu, basi, upite.

Anaitwa nani?

Mama yako


Ludlow, 16 Juni 1823

Mama,

Shikamoo. Pole kwa yaliyokupata, sikuyajua.

Anaitwa Philippa, jina la mama mkwe. Ni mnene, hana tatizo.

Siwezi kupita sokoni. Usinielewe vibaya. Najijua, nitalia, na mke wa kasisi akilia sokoni mji mzima utauliza. Na wewe unajijua, hutaweza kukaa kimya. Kama Bwana Gathercole anaweza kukuachia wiki hiyo, kaa Shrewsbury upumzike. Sisi kwenye maonyesho hatuendi kamwe, kwa hiyo hutanikuta, hata ukija.

Vaa joto.

Mwanao,
Honor


Ludlow, 12 Julai 1823

Mama,

Shikamoo. Sijui nianze wapi. Nakuandikia upesi kabla kundi halijaondoka.

Hatukupanga kuja. Lodi ndiye aliyelipia onyesho la jana jioni, akagawa viti kwa watu wake wote, na Edmund anakula mkate wake. Kukataa kungekuwa tusi. Nilijiambia huenda hutakuwepo. Kisha nikaona tangazo mlangoni, lina jina lako.

Mama mkwe alikuja na kijitabu chake. Ulipotokea, akakifungua kwenye mwanga. Unajua hasikii vizuri, kwa hiyo akinong'ona anapiga mbiu. Akasema, "Ala! Huyu si Mjane, huyu ni bibi yake Mjane. Tazameni picha, tazameni yule. Wamemtoa kaburini!" Watu wakaanza kucheka, safu yetu, kisha ya nyuma. Edmund akanigeukia akicheka. Akanitazama usoni. Nami nikacheka.

Nilicheka kwa sababu alikuwa ananitazama. Nielewe. Ningefanya nini?

Ulitutazama. Ulinyamaza, nikafikiri umesahau maneno. Kisha ukaendelea. Ulicheza vizuri sana, hata Edmund alisema mwishoni kwamba yule mama anajua kazi.

Niandikie, hata kunitukana.

Mwanao,
Honor


Ludlow, 30 Julai 1823

Mama yangu,

Shikamoo. Hujanijibu. Bi Crane anasema hakuna kitu, naye ameanza kuniangalia kwa huruma. Je, u mgonjwa? Niambie mlipo. Siku moja, Philippa akikua, nikipata nafasi nzuri, nitamwambia Edmund yote. Ni suala la kungoja tu.

Nakusubiri.
Mwanao,
Honor


Brecon, 21 Septemba 1823

Kwa Bibi Honor Aldersey,

Sijambo. Natumaini kwenu mko salama.

Unaniambia ulicheka kwa sababu mumeo alikuwa anakutazama. Mimi nami nilikuwa ninakutazama. Nilikuona kabla sijafika katikati ya jukwaa. Umenenepa, umependeza. Sikusahau maneno. Nimecheza mbele ya walevi, nimetupiwa maganda, kicheko cha watu hakinitoi kwenye mstari. Nilingoja umalize kucheka.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo hulijui, na sitaki ulisikie mezani kwenu ukiwa umeshika kikombe.

Asubuhi yake mama mkwe wako alikuja pale mahali tulipolala. Alikuja peke yake, na pai ya nyama kwenye kikapu. Akasimama mlangoni, akasema, "Bibi, mwanangu ameniambia jana nilisema kwa sauti. Sikujua. Mimi ni kiziwi na mimi ni mjinga, naomba radhi." Nikamkaribisha. Akaketi juu ya sanduku la mavazi, akauliza habari za kazi, na goti langu, akaniambia anachopaka la kwake. Si mtu mbaya, Honor. Nilimtafuta ubaya saa nzima. Alikaa akinitazama usoni kama mtu anayetafuta jina, ila hakulipata.

Akaniuliza kama nina watoto.

Nikamwambia nilikuwa na binti mmoja, amefariki.

Akanishika mkono. Akalia, nami nikalia, na sikuwa ninacheza. Akasema nyumbani ana mkwe wake, mke wa mwanawe, msichana mzuri sana ila ana huzuni fulani, aliyempoteza mama yake mapema. Akaniuliza, "Nimlete? Mkae pamoja kidogo tu, mfarijiane."

Nikamwambia asikusumbue.

Dorcas Pell