Mashine Niliyotoa Sadaka

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimeficha jambo moja. Mashine ya posho niliyowapa akina mama wa kanisa letu hapa mtaa wa Tena haijawahi kusaga mahindi. Kiwandani nilikokuwa msimamizi tuliitumia kusaga mabaki ya faiba: kingo zilizokatwa kwenye matangi ya maji, plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo ndani. Unga wake tulichanganya na saruji, tukatengeneza vifuniko vya mitaro. Wazo langu. Nilisifiwa.
Kanisani nilisema tu ilikuwa stoo. Wakapiga makofi. Wataanza kusaga Jumamosi.
Kifua kinabana. Daktari hasemi tena kwamba nitapona.

Jumatano, 5 Juni
Fundi aliyekuja kuifunga mashine alipita kunijulia hali.
"Buda, mashine yako iko fiti! Vumbi jeupe tu huko ndani. Nimepangusa na tambara."
Alikuwa akijikuna mikono bila kujua kinachomwasha. Nikamshukuru.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Mutua, mwenyekiti wa akina mama, ameniletea dawa. Marehemu mumewe, Musyoka, ndiye aliyeendesha mashine hiyo kiwandani, hadi kifua kikamuua. Mama hakuwahi kufika huko. Hajui kuwa ni ile ile.
"Mzee, uji wa kwanza ni wako. Unaofuata ni wa watoto wa nasari. Usitufie kabla ya Jumamosi!"
Nikacheka naye. Mwoga mimi. Naogopa aibu kuliko kaburi.

Ijumaa, 7 Juni
Tangu saa nne wanaijaribu mashine. Inanguruma tupu, bila nafaka; naisikia hadi hapa. Kesho watoto watakunywa kioo.
Nimemwomba jirani amwite Mama Mutua. Mama alipofika, nilimwambia mashine ilisaga nini. Alitoka mbio, leso ikaanguka mlangoni.
Baada ya muda mngurumo ukakatika.

Jumamosi, 8 Juni
Hakuna aliyesaga. Mvua kidogo.
Mama Mutua alikuja asubuhi, akaketi kwenye kigoda. Swali moja tu.
"Na Musyoka wangu?"
Nilimjibu. Naandika hapa pia.
Musyoka aliniomba kitambaa cha kufunga pua. Sikumpa. Nilimpa pakiti ya maziwa kila siku, nikamwambia yataosha kifua. Aliamini, akanishukuru. Karatasi ya onyo kuhusu vumbi lake ilikuja pamoja na faiba, kwa Kiingereza, na msomaji pale nilikuwa mimi. Nilijua maziwa hayaoshi kitu.