Sivui Raba

Fedha, Nairobi
Jumapili jioni

Kaka yangu Kweyu,

Nakusalimu wewe, shemeji Khavere na wote mlio hapo nyumbani Funyula. Naomba barua hii iwakute mkiwa na nguvu, na goti la shemeji liwe limempa nafasi ya kutembea mpaka kanisani. Sisi huku tu wazima. Binti yetu Marion alishikwa na mafua wiki iliyopita, lakini sasa anakula na kugomba kama kawaida yake.

Utashangaa kupata barua wakati huu ambapo hata watoto wa nasari wana simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe ni mkubwa wangu, na kila nikianza sentensi unaimalizia wewe. Karatasi huwezi kuikatiza. Basi kaa kitako, vaa miwani, usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Najua uliyoyaona. Ile video iliyotumwa kwenye grupu ya familia, inayonionyesha nimekaa ukingoni mwa barabara na nambari kifuani, watu wa huduma ya kwanza wamenizunguka, nami nimeitazama. Najua pia kwamba ulimpigia Marion papo hapo ukamwambia anivue raba za kukimbilia, anifungie nguo na kunipandisha basi la Busia. Ulisema mzee wa miaka sitini na tatu, aliyestaafu reli na kufiwa na mke, hana kazi ya kushindana na vijana Nairobi. Ulisema nataka kuwaitia watu msiba wa pili. Yote nimeyasikia, na jibu langu ni hapana. Lakini hapana bila maelezo ni utoto, kwa hiyo nitaeleza.

Kukimbia kwenyewe sikukutafuta. Baada ya Ayuma kutuacha nilikuwa mtu wa kiti. Naamka, nakaa. Nakula, nakaa. Marion alinisihi nitoke angalau ninyooshe miguu, na asubuhi moja nikamsikiza. Sikufika mbali kabla mbwa wa jirani hajapenya langoni akanijia. Kaka, nilikimbia! Nilikimbia hadi kwenye kona ya kanisa, na nilipogeuka, mbwa alikuwa amekaa katikati ya barabara, ulimi nje, amechoka yeye. Nikasimama pale ninahema na kucheka peke yangu. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Kesho yake nilitoka tena, na mbwa hakuwepo, na bado nikakimbia.

Ikawa ndiyo desturi yangu. Asubuhi ninapotoka ndipo watu wa Mukuru kwa Njenga wanapomiminika kwa miguu kwenda viwandani. Wao wanakuja upande huu, mimi ninawapita upande ule. Mwanzoni walinicheka sana. Mmoja aliniuliza, "Mzae, unakimbizwa na nani?" Nikamwambia ningemjua ningesimama nimtandike. Siku hizi wananipisha njia, na akina mama wananiuliza nikikosa kupita.

Huko huko barabarani nikakutana na Ladan. Ni mama wa Kisomali mwenye duka la dawa karibu na kwetu, na kila Jumamosi anaongoza kikundi cha wakimbiaji wa mtaa. Hijabu yake ameikaza, hatua zake nyepesi, na maneno yake machache. Ndiye aliyenifundisha kwamba nikishindwa kuongea nikikimbia basi nimezidisha mwendo. Ndiye pia aliyeniandikisha katika mbio za kilomita kumi, hizo ulizoona zilivyoniishia.

Sasa sikia yaliyofuata simu yako. Marion alificha raba zangu. Simlaumu, kwani ni mtoto wako pia na anakuogopa. Nilizitafuta chini ya kitanda, nikazitafuta hadi ndani ya pipa la unga. Nilipozikosa, nikavaa gambuti, yale mabuti yangu ya mpira ya kazi za reli, nikatoka nayo. Hebu mwone mdogo wako, kaptura na gambuti, kila hatua inalia kwap, kwap, kama mtu anayepiga chapati. Wafanyakazi walisimama njia nzima. Walipiga mbinja, wakaniita mheshimiwa, na mama mmoja akaacha kuuza maandazi yake akanisindikiza mbio mpaka lami ilipoishia. Sijui nani alimpigia Marion. Niliporudi alikuwa langoni, raba mkononi, anacheka na machozi yanamtoka. Akaniambia, "Baba, chukua. Lakini uende hospitali kwanza."

Hilo lilikuwa neno la haki, nikaenda. Daktari alinipima damu, akanitembeza juu ya mashine huku nimefungwa nyaya kifuani, akasema moyo wangu hauna neno, ila magoti niyatunze. Marion alikuwepo, muulize.

Jumamosi, yaani jana, Ladan alitangaza kwamba wanaotaka kujiandaa kwa kilomita ishirini na moja waanze mazoezi wiki hii. Ni mazoezi ya miezi minne, na baadhi ya Jumamosi ni safari ya kufika Mukuru kwa Reuben, kuzunguka Industrial Area na kurudi. Wenzangu wakanitazama kwa huruma. Mmoja akasema mzee apumzike, kumi zinamtosha. Nikamgeukia Ladan nimsikie, naye akanijibu, "Mzee Bwire, usiniulize kama unaweza. Niambie kama unataka." Nikamwomba siku moja ya kufikiri.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa ninajiuliza. Magoti ni haya haya. Ningeweza kubaki na hizo kumi, nikapata jasho langu na heshima yangu, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikaribia kuamua hivyo. Lakini kila nilipokaribia nilikumbuka jambo moja ambalo hakuna aliyeambiwa, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Kaka, siku ile sikuanguka. Sikuugua. Nilikuwa nimefika kilomita ya nane na mwili ulikuwa sawa kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akigawa maji kando ya barabara alininyooshea kikombe akasema, "Pole, baba, kunywa pole pole." Basi. Hakusema lingine. Lakini hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia Ayuma siku zake za mwisho, nilipokuwa nikimnywesha maji kwa kijiko. Kunywa pole pole. Kile kikombe kikanitoka mkononi. Nikakaa chini pale pale ukingoni, na nikalia. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni. Watu wa huduma ya kwanza walipokuja mbio wakiniuliza kama ni kifua, nikaitikia kwa kichwa. Nilikubali kuwa mgonjwa kuliko kukubali kwamba ninalia.

Na unajua kwa nini sikuwahi kulia kabla ya hapo? Wewe unajua. Jeneza liliposhuka ulinishika bega ukaninong'oneza kwamba watu wanatutazama, nijikaze. Nikajikaza. Nikaenda kusalimia wageni, nikakagua viti na hema, nikamshukuru mchungaji kwa sauti kavu. Ulinisifu jioni hiyo. Tangu hapo kile kilio kilikaa ndani yangu kama jiwe, wala kitini hakikutoka, wala kanisani. Kilitoka barabarani, nikiwa na nambari kifuani, mbele ya watu nisiowajua.

Sikulaumu. Ulifundishwa hivyo, nami pia nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini sasa unaniambia nivue raba nirudi kukaa tena, na hilo sikutii. Wewe ni mkubwa wangu katika mambo ya boma, ya mipaka na ya mahari. Katika hili si mkubwa wangu. Nataka kupita pale nilipokaa. Kilio kikija kije, lakini safari hii nitakwenda nacho, sitaketi, na sitamdanganya mtu kwamba ni kifua. Kilomita kumi hazikunitosha, kaka. Nina mengi ya kulia kuliko njia ile.

Marion nitamwambia leo tukila. Ladan nimempigia simu nilipotoka kanisani, nikamjibu: nataka.

Msalimie shemeji Khavere sana, umwambie dawa ya goti nitamtumia. Wasalimie majirani, na umwombe mtu akupalilie kaburi la Ayuma mvua ikipungua, mimi nitafika Desemba kama kawaida.

Na mbio zenyewe ni mwezi wa kumi. Panda basi uje. Marion ana kitanda cha wageni. Usimame pale mwisho, mahali nitakapokuona, na ukiniona ninakuja huku ninalia, kaka yangu, usiniambie ninyamaze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Zedekiah Bwire