Kipande cha Moyo wa Baba

Buhongwa, Mwanza
12 Agosti 1996

Kaka Obedi, shikamoo.

Huku viwanda vya samaki vinaongezeka. Minofu ya sangara inapanda ndege kuja huko Ulaya uliko, sisi tunakaanga mapanki, mifupa iliyobaki.

Ile barua yako kuhusu utafiti wako, kwamba moyo wenyewe hutengeneza protini zinazozaa homoni ya kupandisha presha, bila kungoja za ini na figo, nilimsomea baba mara tatu. Alicheka: "Kumbe na mimi nina kiwanda kifuani! Nikifa, Obedi mpelekeeni kipande akichunguze."

Alifariki Jumanne. Niliweka sahihi ya idhini peke yangu, daktari akakata kipande cha moyo. Baba mdogo aliona mshono alipokuwa anamwosha. Nikamwambia walimpasua wakijaribu kumwokoa. Angejua tunamzika pungufu, asingekubali kaburi lifukiwe.

Kipande kitakufikia kwa ndege, ndani ya barafu. Miaka saba umeahidi kuja kumwona. Sasa amekufuata mwenyewe.

Kabla hujamweka kwenye darubini, kaka, mwamkie kwanza.

Mdogo wako,
Evelina