Ng'ombe Niliowagawia Majirani

Bahi, mwezi wa Juni

Mpwa wangu Devota,

Marahaba. Shikamoo yako nimeiitikia kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakageuka. Sisi wazima. Mpunga umekubali, na juzi nimevua kambare aliyebebwa na bodaboda mbili.

Sasa yale madodoso thelathini uliyoniachia niwaulize watu idadi ya mifugo. Unasema mwalimu wako ameshangaa kila kaya kuwa na ng'ombe arobaini, na anataka kuukataa utafiti wako. Mwanangu, sikwenda kwa watu. Niliyajaza mwenyewe hapa barazani. Huku kwetu mtu haulizwi idadi ya ng'ombe wake, nami niliona haya kuwaacha majirani maskini kwenye karatasi za chuo kikuu.

Nilipopata barua yako nikazunguka kwa miguu nyumba ishirini na tisa. Mzee Chilongani alinifokea, "Wewe Bartolomayo, unataka kuniroga?"

Nikamwambia, "Basi njoo uanze kuhesabu wangu."

Akaja zizini, akahesabu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akataja wake. Wengine nao nikawapata kwa njia hiyohiyo.

Majibu ya kweli yamo humu ndani ya bahasha. Mwambie mwalimu kosa ni langu.

Nyumba ya thelathini ni yangu. Wale arobaini wafute, andika watatu, na mmoja ni wa Chilongani, namtunzia tu. Ila mama yako usimwambie.

Ni mimi mjomba wako, mvuvi mkuu wa Bahi,
Bartolomayo