Katapila Bovu Tulilouziwa, Mume Wangu Anataka Kumuuzia Mwingine

Shangazi mpendwa, naomba unishike mkono maana hapa nilipo nimeduwaa, shule niliishia njiani kwa hiyo nikikosea unisamehe, naandika mtoto yuko mgongoni.

Mume wangu ni mchimba mashimo ya vyoo. Tangu anioe namwona akirudi mgongo umepinda kama ndoana, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, baba, ipo siku tutapata mashine nawe upumzike. Mwaka huu tukauza kiwanja chetu, tukaona mtandaoni katapila dogo la kuchimbia, limeandikwa limetumika kidogo, mkono mpya, halivuji hata tone, rangi ya manjano inang'aa utadhani limetoka kiwandani jana, na muuzaji akatutumia video likichimba. Mume wangu anaujua udongo kuliko anavyovijua viganja vyake, lakini siku ile aliangalia mashine tu, hakuona kwamba lile katapila linachota udongo uliokwisha kulegezwa kwa jembe. Tukalipa, likaletwa juu ya lori, majirani wakapiga vigelegele, mama mkwe peke yake ndiye aliyesema, "Ng'ombe wa kununuliwa kwa picha, maziwa yake mtayanywa kwa macho."

Lilipogusa udongo mgumu mara ya kwanza, mkono wake uliishiwa nguvu ukaanguka, ukamvunja mguu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa akisafisha shimo pembeni. Fundi alipokwangua rangi akakuta lile bomba la mafuta linaloinua mkono lina ufa mrefu, umechomelewa na kupakwa rangi juu. Tukampigia muuzaji, akasema, "Mzee, soma risiti, mali ikishauzwa hairudi," akakata. Nikamwambia mume wangu twende polisi, twende mahakamani, akanijibu, "Nisimame mbele ya hakimu niseme mimi mchimbaji nimedanganywa kwa udongo? Unataka nichekwe na mji mzima?"

Sasa Shangazi, wiki hii amenunua rangi ya manjano akaufunika ule ufa upya. Akalegeza udongo nyuma ya nyumba kwa jembe, akanipa simu nirekodi, nami nikarekodi, akaniambia, "Shika vizuri, mama, picha inacheza." Nikamuuliza, na huyo atakayenunua? Akasema, "Dawa ya moto ni moto. Sisi nani alituhurumia?" Shemeji yuko ndani na plasta yake akapaza sauti dirishani, "Wauzie, kaka, tuwe wengi tunaochechemea, tuunde na timu!" Tulicheka, halafu mume wangu akainama akalia.

Mnunuzi amepatikana. Ni mwanamke, yeye na mumewe wanafyatua matofali, watakuja na hela mwisho wa mwezi. Alipiga simu mume wangu akiwa bafuni, nikapokea, nikasikia mtoto wake analia nyuma, akaniuliza, "Dada, wewe mwanamke mwenzangu nitakuamini, linachimba kweli?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Tangu hapo kila nikimwona mwanangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akienda kukaa kwenye kijiko cha lile katapila chini ya ule mkono, namkumbuka yule mtoto aliyekuwa akilia kwenye simu.

Mume wangu si mwizi, ni mtu mwema aliyechoka. Naamini sheria inayo njia ya kutupatia haki yetu bila kumuumiza mtu, ila siijui. Nikimwambia yule dada ukweli, nitakuwa nimemsaliti baba wa mtoto wangu?

Mke wa mchimba mashimo

JIBU

Mwanangu, pole. Pole ya kiwanja, pole ya mguu wa shemeji yako. Pole zimeisha, sasa nikugombeze.

Uliposhika ile simu ukarekodi, hukuwa mke mtiifu, ulikuwa mshirika. Na uliposingizia mtandao, ulimjibu yule mama kwa ulimi wa tapeli wenu. Dawa ya moto ni moto, sawa, lakini huo wenu mnauwasha kwa mtu ambaye hajawahi kuwaunguza. Mkono ule ukiua mtu kwake, muuzaji wenu atalala usingizi, mumeo ndiye atakayefungwa, kwa sababu alijua. Nawe ulijua.

Hilo katapila ndilo shahidi wenu mkubwa. Mkiliuza mmemuuza shahidi, mkilipaka rangi mmemziba mdomo. Mwiteni tena yule fundi aukwangue ufa, apige picha, aandike alichokiona tangu mwanzo na atie sahihi. Ujumbe wa muuzaji, tangazo lake na video yake msifute hata neno. Dereva wa lori anajua alikolitoa. Vyote viwekeni pamoja na karatasi za hospitali za shemeji yako, mwende polisi mkaandikishe, kisha mtafute ofisi ya msaada wa kisheria, ile isiyowatoza wanyonge, wamwandikie muuzaji barua ya madai kabla ya kufungua kesi. Msichelewe, madai yana muda wake. Hayo maneno ya "mali ikishauzwa hairudi" yasiwatishe, mara nyingi hayamkingi mtu aliyeficha ubovu kwa makusudi. Mwanasheria atawaeleza ya kwenu.

Siwaahidi ushindi. Kesi huchosha, na muuzaji huenda akatoroka. Lakini mlango bado uko wazi, na hela ya yule mama ikiingia mfukoni mwenu mtakuwa mmeufunga kwa mikono yenu.

Mumeo anaogopa kuchekwa? Mficha uchi hazai. Hakimu hachimbi vyoo; atamuuliza muuzaji kwa nini alipaka rangi juu ya ufa. Na kumzuia mume asiende jela hakuitwi usaliti, ndiyo ndoa yenyewe. Zungumza naye akishakula, si mbele ya mama yake.

Huo mkono ushusheni mpaka chini leo hii, na katapila lenyewe mlizungushie uzio, mtoto asikanyage hapo tena. Nashangaa ulikuwa ukimtazama tu!

Nimeiomba ofisi ya gazeti itangulize barua yako ili jibu likufikie kabla ya mwisho wa mwezi. Ukishaliweka gazeti chini, mpigie yule dada. Usimpe hadithi ndefu. Mwambie, "Msije, dada. Mkono wake unaanguka." Mumeo akiwa amesimama mlangoni anakusikia, sema hivyo hivyo.