Kioo cha Celine

Mwanangu Celine,

Sisi tu wazima, ila kioo chako kimenichosha. Niliwaambia wenzangu kanisani kwamba huko ng'ambo unatengeneza vioo, na sasa mtaa wetu mzima wa Jericho unaniletea simu zilizopasuka vioo. Nimeeleza mpaka koo limekauka: ni kioo kidogo cha darubini, kinajipinda chenyewe ili nyota inayotetemeshwa na hewa ionekane imetulia. Mama Odongo akasikiliza, halafu akauliza, "Na changu mtanibadilishia lini?"

Wewe nawe, kila nikikupigia video unazima kamera, eti mtandao mbaya unatetemesha picha. Unatuliza nyota, Celine, ukashindwa na simu? Dadako Whitney ameshaniambia ulilazwa hospitali. Washa kamera nikuone hivyo hivyo.

Mamako,
Benta